Mbwa anayejificha kona ya banda: asaidiwe vipi hadi apate wa kumchukua?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kiambu anayejitolea katika kituo cha kuhifadhi wanyama. Kwa kifupi anasema hivi: wana mbwa dume wa miaka kama miwili aliyeokotwa mtaani, na sasa ni wiki ya tano analala kona ya nyuma akiangalia ukuta. Hali chakula mpaka watu waondoke. Akisogelewa anafyata mkia na kutetemeka, ila hajamuuma mtu. Mwenzake anashauri wamfunge kamba na kumtoa kwa nguvu ili azoee. Yeye mwenyewe amekuwa akimlisha mkononi. Mbwa ananyoosha shingo, ananyakua, anakimbia. Anauliza nani yuko sahihi, na kama kweli kuna mtu atakayemchukua mbwa wa namna hiyo.

Dada, tuanze na ushauri wa mwenzako, maana huo unaweza kuharibu mambo kwa siku moja tu. Mbwa mwenye hofu akikokotwa kwa kamba hazoei. Mwanzoni atapigana, atajiviringisha, pengine ajikojolee. Mwishowe atalala chini kimya na watu watasema ametulia, kumbe amekata tamaa: ameona kwamba afanye asifanye, mambo yatamkuta tu. Mbwa aliyefikishwa hapo ndiye ambaye miezi miwili baadaye husemwa ameuma bila kuonya, kwa sababu maonyo yote aliyoyatoa mwanzoni hayakumsaidia kitu.

Kumlisha mkononi nako kuache kwa sasa, ingawa nia yako ni njema. Safari ijayo usiangalie mdomo wake, angalia miguu ya nyuma. Utaona shingo imekuja mbele lakini miguu imebaki kulekule alikotoka, imekaza, tayari kuruka kurudi. Njaa inamvuta, hofu inamrudisha. Chakula kikiisha anashtuka kujikuta pua yake iko sentimita chache na mkono anaouogopa, na hapo ndipo meno hutoka. Ndiyo sababu ananyakua na kukimbia.

Anachokosa ni uhakika kwamba akitaka kujiondoa ataachwa aende, na hakuna atakayemfuata. Mbwa anayeruhusiwa kurudi nyuma ndiye anayethubutu kuja mbele. Karibu kila hatua nitakayoieleza imejengwa juu ya hilo.

Kabla ya mazoezi yoyote, daktari wa mifugo amwone. Mbwa wa mtaani mara nyingi ana kitu kinachomuuma bila watu kujua: masikio yenye usaha, jino lililovunjika, nyonga iliyogongwa na gari ikaunga vibaya. Kupe huleta magonjwa ya damu kama ehrlichia na babesia, mbwa akadhoofika na viungo vikamuuma, halafu watu wakadhani ni huzuni tu. Kama hashikiki, msimvizie kwa kitanzi kila wiki kwa jambo mojamoja. Mwombeni daktari ampe dawa ya kumtuliza ndani ya chakula kabla hajafika, amlaze mara moja, na yote yafanyike siku hiyohiyo: damu, meno, masikio, kucha, chanjo ya kichaa cha mbwa, kuhasiwa, mikrochipu, na kola pana ya shingo avishwe akiwa amelala. Nanyi wahudumu ulizieni hospitalini chanjo ya kujikinga mapema. Mtu akiumwa au akiparuzwa na jino, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo bila kusubiri, hata kama mbwa alichanjwa.

Sasa banda lake. Hapa ndipo vituo vingi hupoteza kazi ya siku nzima bila kutambua. Utafiti uliochapishwa 1997 kuhusu mbwa wa kituo kimoja cha Ohio, Marekani, ulionyesha kwamba homoni ya msongo, kortisoli, huwa juu zaidi siku 3 za mwanzo za kuingia kituoni. Wako amepita wiki 5 na bado anaangalia ukuta, maana yake kuna jambo linalomshtua upya kila siku. Nadhani nalijua: usafi wa asubuhi. Mtu anaingia na mpira wa maji na ufagio mrefu, maji yanagonga ukuta, dawa inanuka, na mbwa hana pa kukimbilia. Kwa mbwa huyu, badilisheni. Afunguliwe kilango aende banda la jirani lililo tupu, ndipo pasafishwe. Kama hakuna banda tupu, muokote kinyesi na kupangusa palipochafuka tu, kwa kitambaa na ndoo, mtu akiwa amempa ubavu. Usafi mkubwa usubiri siku akiwa nje.

Mpeni mahali pa kujificha, msiogope kwamba atajificha milele. Kreti kubwa ya mbao iliyolazwa ubavu, au pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa upande mmoja na kusuguliwa kingo zisimkate, ndani blanketi kuukuu, mdomo ukiangalia pembeni na si mlangoni. Nusu ya chini ya mlango wa waya ifunikwe kwa gunia ili asione kila mguu unaopita. Ahamishwe mbali na lango na mbali na mbwa anayebweka mfululizo. Redio ya sauti ya chini inasaidia kidogo. Chuo Kikuu cha Glasgow na Scottish SPCA, shirika la kutetea wanyama la Scotland, walichapisha 2017 kwamba mbwa wa vituoni walijilaza zaidi muziki ulipopigwa, na kwamba aina moja ikirudiwa siku kwa siku huwa inapoteza nguvu, basi mbadilishe.

Wewe unafika jioni mbili tatu na mwisho wa wiki, kwa hiyo mazoezi hayawezi kuwa yako peke yako. Tundikeni kikopo cha vipande vya nyama nje ya banda lake. Kila anayepita, awe mpishi, daktari au mlinzi wa lango, arushe kipande kimoja ndani na aendelee na safari yake, bila kusimama, bila kumwita, bila kumtazama usoni. Kitendo hiki kidogo, kikifanywa mara 20 kwa siku na watu tofauti, kinazidi saa nzima ya kumbembeleza.

Vipande viwe vya kitu asichokipata kwenye chakula cha kawaida. Ugali na omena akiupata kila siku, omena haitakuwa na mvuto. Kuku aliyechemshwa na kutolewa mifupa, matumbo yaliyoiva, au maini ya ng'ombe yaliyochemshwa hadi yakakauka ndani, yakakatwa ukubwa wa punje ya mahindi. Bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili ni sumu kwake. Vipande 30 vinatosha kikao kimoja. Maini yasiwe ya kila siku kwa wingi, changanya. Na msimnyime chakula chake ili awe na njaa ya mafunzo. Mbwa mwenye njaa hujitosa kabla hajawa tayari, na tunarudi palepale pa miguu ya nyuma.

Kikao chako kiwe cha dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa jioni moja, ukimwacha apumzike katikati. Ukikaribia sema neno lilelile kila mara, kwa mfano "nimefika", ajue ni mtu na si kishindo. Kaa chini umbali ambao bado anaweza kula. Kwa mbwa wa hali hii anzia nje ya mlango, mita 3 hivi. Mpe ubavu, tazama sakafu, magoti yasielekee kwake. Hesabu moja, mbili, ndipo urushe kipande. Mpangilio huu una maana: mtu kwanza, nyama baadaye. Ukigeuza, nyama ikatangulia na mtu akafuata, mbwa hujifunza kwamba nyama ni dalili ya hatari inayokuja, na utashangaa kuona anaanza kutetemeka akisikia mfuko ukifunguliwa.

Rusha nyuma yake, upande wa ukuta. Najua inaonekana kinyume, kwani unataka aje. Lakini kipande kikianguka nyuma yake anapata vitu viwili kwa mpigo: nyama, na nafasi ya kuwa mbali nawe. Baada ya vipande 5 au 6 utaanza kuona akigeuka kukuangalia, akisubiri. Hapo rusha kimoja mbele yake kidogo, nusu mita tu, kisha kinachofuata nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila mara anakuja kwa miguu yake mwenyewe na kila mara anapewa sababu ya kuondoka. Usimvute kwa kupanga vipande mstari hadi mguuni pako.

Kipimo cha kusogea ni hiki: akila vipande 4 kati ya 5 ndani ya sekunde 3 tangu vianguke, kikao kijacho sogea nusu mita. Akichelewa, akila huku amekodoa macho hadi weupe unaonekana, au akiacha kabisa, rudi umbali maradufu. Andika daftarini kila kikao: tarehe, umbali, amekula vingapi, mkia ulikuwaje, nani alikuwepo, kelele gani ilitokea. Bila daftari mtabishana kituoni kama ameendelea au hajaendelea, na siku mbaya moja itafuta wiki nzuri tatu machoni pa watu.

Dalili ndogo zijue kwa jicho, kwa sababu kutetemeka na kufyata mkia ni dalili za mwisho. Kabla yake atajilamba pua bila kuwepo chakula, atapiga miayo asiye na usingizi, atageuza kichwa huku macho yamebaki kwako, atainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Ukiona moja, acha unachofanya na ujipinde upande mwingine. Hizo ndizo sentensi zake. Akinguruma, msimkaripie. Kunguruma ni adabu. Mbwa aliyekatazwa kunguruma huruka moja kwa moja kwenye kuuma. Simama pole, ondoka, na uandike ulikuwa wapi.

Kuna jambo moja la mbwa wa mitaa yetu ambalo miongozo ya ng'ambo hailigusi sana: kuinama. Mbwa huyu karibu ni hakika amerushiwa mawe, na kwake binadamu anayeinama anaokota jiwe. Utamwona anakimbia kabla mkono haujagusa ardhi. Kwa hiyo wiki za mwanzo usiiname mbele yake wala usirushe kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega. Rusha kutoka kiunoni, kwa kifundo cha mkono tu. Akishakuwa anakusubiri bila wasiwasi, lifanye lenyewe kuwa zoezi. Ukiwa mbali, inama sentimita 10 tu, nyanyuka, rusha nyama. Kisha hadi magotini. Kisha gusa sakafu. Kisha okota kitu na ukiweke kando. Fanya hivyohivyo kwa ufagio, fimbo, mwavuli na mpira wa maji: kwanza kitu kikiwa kimelala chini mbali, halafu kikiwa mkononi kimetulia, mwisho kikisogea. Zoezi hili lisiachwe, kwa sababu nyumba atakayopelekwa ina ufagio.

Kumgusa kunakuja baadaye kuliko watu wanavyopenda. Subiri mpaka aje mwenyewe kukunusa mgongo au kiwiko bila chakula. Akinusa, usimgeukie, mwache anuse aende. Akirudi siku nyingine akasimama karibu, mguse kifua au ubavu wa shingo kwa nyuma ya vidole, sekunde 3, kisha ondoa mkono na usubiri. Akisogea tena au akikuegemea, ameomba. Endelea sekunde 3 nyingine. Akibaki vilevile au akijikung'uta, hajaomba. Mkono usipite juu ya kichwa, na usimkumbatie hata siku atakayokulamba uso.

Mkanda wa kifuani na kamba vifundishwe ndani ya banda kabla ya mlango kufunguliwa. Mkanda ulale sakafuni, ale nyama karibu nao. Siku nyingine ushike mkononi, anyooshe pua ndani ya tundu lake kwa nyama. Kisha ufungwe sekunde 10 na kufunguliwa. Matembezi ya kwanza yawe ya mita 5 kwenye kijia tulivu, saa ambayo hakuna wageni, na akitaka kurudi mrudi. Mbwa mwenye hofu hujichomoa kinyumenyume na kola hupita masikioni kirahisi, hivyo tumieni kamba mbili: moja kwenye mkanda wa kifuani, nyingine kwenye kola, zote mikononi mwa mtu mmoja. Pasiwe na njia ya kutoka nje ya kituo isiyo na malango mawili.

Kama mna mbwa mtulivu anayependa watu, mtoeni pamoja naye. Mbwa waoga humwangalia mwenzao kuliko wanavyotuangalia sisi; akimwona akilishwa na kukunwa bila madhara, husogea mapema. Ila pia fanyeni vikao bila huyo mwenzake, asije akawa jasiri kwa kuazima tu.

Hadi hapa unaweza kupata mbwa anayekupenda wewe na kumkimbia kila mtu mwingine. Hilo ndilo kosa kubwa la watu wenye moyo kama wako, na ndilo linalowaweka mbwa vituoni kwa miaka. Mbwa hatafsiri kwamba "huyu ni mwema, basi watu ni wema." Anajifunza kwamba mwanamke huyu, mwenye sauti hii, kwenye banda hili, ni salama. Kwa hiyo mara tu anapokula mita 1 kutoka kwako, lete mtu wa pili aanze mita 3 na apitie hatua zote. Wa tatu atakwenda haraka zaidi, wa nne haraka zaidi. Hakikisheni kuna wanaume miongoni mwao, mtu mwenye kofia au helmeti ya bodaboda, mzee mwenye mkongojo, mtu anayetembea haraka. Watu 6 hadi 8 tofauti wakishapokelewa, mgeni wa tisa anayekuja kuangalia mbwa ana nafasi.

Zaidi ya hapo, mpe usiku mmoja au mbili nyumbani kwa mhudumu tulivu, akishazoea kamba. Utafiti wa 2019 katika vituo vitano vya Marekani ulionyesha kortisoli ikishuka usiku ambao mbwa walilala nje ya kituo na mbwa wakapumzika kwa muda mrefu zaidi, ingawa ilirudi kama awali waliporejeshwa. Faida kubwa kwenu ni taarifa: mtajua kama anaogopa televisheni, ngazi, watoto, au kama ndani ya nyumba ni mbwa mwingine kabisa.

Ikiwa baada ya wiki 3 au 4 za utaratibu huu daftari halionyeshi hata nusu mita, zungumzeni na daktari kuhusu dawa ya kupunguza hofu. Si kushindwa. Kituo cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, kule Weaverville, North Carolina, kilichofunguliwa 2018 kwa ajili ya mbwa waoga kupindukia, hutumia dawa sambamba na mazoezi. Fluoxetine huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, hivyo isikatishwe mapema. Dawa za haraka kama trazodone au gabapentin hufaa siku ya safari au ya fataki. Dozi ni ya daktari, msichukue za binadamu dukani. Na wapo wachache ambao hawakuona binadamu kwa wema kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yao; hao huweza kufika mahali pa kuishi vizuri na watu wawili watatu bila kuwa marafiki wa kila mgeni. Hiyo nayo ni nyumba.

Kuhusu kuchukuliwa: ndiyo, atachukuliwa, mkimtafutia anayemfaa. Wengi huku kwetu wanakuja kutafuta mbwa mkali wa kulinda, na mbwa mwoga anayebweka huonekana anafaa. Mkatalieni mtu huyo kwa upole. Mbwa wa hofu akifungiwa kibandani mchana na kuachiliwa usiku, hofu yote mliyoiondoa itarudi, na atamuuma mtoto wa jirani au muuza maziwa. Mtafutieni nyumba yenye ukuta au uzio mzima, watu wazima au watoto wakubwa, ikiwezekana na mbwa mwingine mpole. Mlezi aje kituoni mara 3 au 4, afundishwe kurusha nyuma-mbele, na kikao cha mwisho kifanyike bila wewe kuonekana.

Siku ya kuondoka aende na blanketi lake bila kufuliwa, nyama zake, neno lenu la "nimefika", na ukurasa mmoja unaosema anachoogopa na kinachomtuliza. Apewe chumba kimoja au kona moja kwa siku za mwanzo, wageni wasiitwe kuja kumwona, na kwa mwezi wa kwanza asitolewe langoni bila kamba mbili, hata kwa dakika moja ya kutupa taka. Akitoroka, asifukuzwe wala asiitwe kwa kelele na watoto wa mtaa. Mwelezeni mlezi awapigie simu saa hiyohiyo, aweke blanketi na chakula pale alipoonekana mara ya mwisho, lango liachwe wazi, na mtu mmoja anayemfahamu akae chini, ubavu kwa ubavu na njia, arushe nyama.